Ramadhani, siku ya 14: Abdurrahman bin Auf na njia ya sokoni

 

Leo tukae kidogo na Abdurrahman bin Auf (r.a.). Najua unamjua. Ukitajwa utajiri wa Masahaba, jina lake ndilo la kwanza kuja mdomoni, na huenda kila Ramadhani unatumiwa ule ujumbe wa msafara wake wa ngamia 700. Isnadi ya kisa kile ina maneno mengi kwa wanachuoni, kwa hiyo tukiache. Leo simtafuti yule tajiri. Namtafuta mtu aliyeingia kwenye mji wa watu hana hata pa kuweka ubavu.

Jina lake la zamani lilikuwa Abdu Amr. Alikuwa wa ukoo wa Bani Zuhra, ukoo wa Bi Amina mama yake Mtume (s.a.w.), na alizaliwa kama miaka kumi baada ya Mwaka wa Ndovu. Alisilimu mapema sana, kupitia kwa Abubakar (r.a.), Waislamu wakiwa bado wa kuhesabu kwa vidole. Mtume ndiye aliyempa jina la Abdurrahman. Makka ilipozidi kuwa chungu akawa miongoni mwa wale wachache waliovuka Bahari ya Shamu kwenda Habasha, mnamo mwaka 615, wakaishi chini ya ulinzi wa Najashi. Hebu liweke hilo akilini: kabla ya Madina, mlango wa kwanza kufunguliwa kwa wakimbizi wa Kiislamu ulikuwa wa Afrika, na aliyeufungua alikuwa mfalme Mkristo.

Baadaye alirudi Makka, na mwaka 622 akaondoka tena, safari hii kwenda Madina.

Sisi tumezoea kulitamka neno Hijra kama jina la kalenda. Kwa aliyekuwamo, Hijra ilikuwa ni kufunga mlango wa nyumba yako bila kujua kama utaufungua tena. Mali ilibaki. Jamaa walibaki. Katika Sahihi Bukhari kuna habari ambayo haisomwi sana kwenye mihadhara yetu: Abdurrahman aliandikiana mkataba na Umayya bin Khalaf, ndiyo, yule yule aliyemtesa Bilal, kwamba Umayya amwangalizie vya kwake vilivyobaki Makka, naye amwangalizie Umayya vyake vilivyoko Madina. Walipofika penye kuandika jina, Umayya akagoma. Huyo Rahman yeye hamtambui, liandikwe jina lile la zamani. Basi likaandikwa Abdu Amr.

Ukitaka kuielewa habari hii muulize mkimbizi yeyote. Anajua maana ya ufunguo wa nyumba yako kubaki kwa mtu usiyempenda, na karatasi yako kuandikwa jina ambalo si lako tena.

Sasa Madina. Watu wake, Maansari, waligombania wageni mpaka ikabidi kura zipigwe nani akae kwa nani. Mama mmoja wa Kiansari, Ummul-Alaa, alisimulia kwamba kura ya nyumba yao iliwaangukia kumpokea Uthman bin Madh'un. Akaugua mikononi mwao, wakamuuguza, akafia humo humo ndani. Kumpokea mgeni ni pamoja na hilo pia: huchagui umpokee mzima. Na wale ambao hawakuwa na nyumba wala jamaa walilala Suffa, kibaraza chenye kivuli kwenye msikiti wa Mtume, wakala kilichopatikana.

Halafu Mtume (s.a.w.) akaunga udugu, Muhajir mmoja na Ansari mmoja. Imetajwa kuwa walikuwa wanaume 90, nusu kwa nusu. Na usidhani ulikuwa udugu wa kupigiana saluti msikitini. Mwanzoni walikuwa wanarithiana kabisa, mpaka Qur'ani ilipoirudisha mirathi kwa jamaa wa damu.

Abdurrahman aliunganishwa na Saad bin ar-Rabii (r.a.). Huyu Saad hatumtaji inavyostahili. Alikuwa mtu wa Khazraj, mmoja wa wale wawakilishi 12 waliochaguliwa Aqaba, na alijua kusoma na kuandika zama ambazo wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno. Alimkaribisha mgeni wake akamwekea mambo wazi. Akamwambia kwamba yeye ndiye mwenye mali nyingi kuliko Maansari wote, na kwamba mali ile ataigawa nusu kwa nusu. Akaongeza kwamba ana wake wawili, na yuko tayari kumwacha mmoja ili eda ikiisha mgeni wake amwoe.

Hili la mke linatushtua leo, na litushtue tu, desturi za zama zile zilikuwa za zama zile. Ila usikwame hapo ukalipita lile la kwanza. Nusu ya mali! Hakusema atamsaidia kadiri atakavyojaaliwa. Hakusema atamtafutia kitu mwisho wa mwezi. Alitaja kiasi, na kiasi chenyewe kilikuwa kinauma.

Abdurrahman akamwombea dua Saad, Allah ambariki katika watu wake na mali yake. Kisha akaomba kitu kimoja: aonyeshwe soko liko wapi.

Hapo ndipo wengi wetu huwa tunasimama na kupiga makofi. Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kisa hiki huharibiwa. Nimeshasikia kikitumiwa kama fimbo: mwone Abdurrahman, hakuomba, hakutaka cha mtu, nyie wakimbizi wa siku hizi kazi yenu kunyoosha mkono. Wallahi kisa hakisemi hivyo. Saad ndiye aliyeanza kusema, kabla mgeni hajafungua mdomo. Mgeni aliyeahidiwa nusu ya mali anaweza kukataa kichwa kikiwa juu. Mgeni ambaye hajaahidiwa chochote, je, anakataa nini? Pia Abdurrahman alikuwa na pa kurudi jioni. Tena alikuwa na kazi mkononi, amekulia kwenye biashara, anajua kupima na kubishana bei. Abu Huraira wa Suffa hakuwa nayo hiyo, kuna siku alianguka kwa njaa watu wakadhani ana wazimu, na hakuna aliyemwambia mwone mwenzio Abdurrahman.

Halafu lipo jambo la soko lenyewe. Alionyeshwa soko la Bani Qaynuqa, kabila la Mayahudi wa Madina. Akaingia, akanunua, akauza. Hakuna aliyemfukuza kwa kuwa si mwenyeji. Soko lingekuwa limefungwa kwake, heshima yake yote ile na ujuzi wake wote visingemnunulia hata kibaba cha shayiri.

Alianza na samli na aqit, yaani maziwa yaliyokaushwa mpaka yakawa kama jibini gumu. Bidhaa ndogo, ya kila siku, isiyotaka mtaji mkubwa. Jioni ya siku ya kwanza alirudi na faida kidogo ya samli na aqit. Kesho yake akarudi tena sokoni. Na keshokutwa.

Ndugu yangu, nakuomba tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo tunapohusika mimi na wewe.

Huenda mtaani kwenu kuna familia iliyotoka Kongo, au Burundi, au Somalia, au Sudan. Wamepanga chumba kimoja au viwili, watoto wanachungulia tu wenzao wakicheza. Katika mwezi huu tutawapelekea futari, alhamdulillah, na sukari, na mchele, na tende. Tusiache. Lakini jiulize kama kuna mtu ameshamchukua yule baba asubuhi akampeleka sokoni, akamwonyesha duka la jumla ni lipi na nani huuza kwa mali kauli, na dalali gani wa kumkwepa. Nani amekaa na yule mama akamweleza dispensari inafunguliwa saa ngapi, na shuleni aongee na mwalimu yupi? Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita na mdhamini mwenyeji, nani ataweka jina lake? Kuna watu wamekaa mjini miaka mitatu na hakuna jirani anayewajua kwa jina. Wanaitwa tu wale Warundi, wale Wakongo. Ramadhani tunawapelekea sahani, Shawwal tunawapita kama nguzo.

Na wewe uliyeko Ulaya au Marekani unayesoma hapa, wewe huhitaji kuelezwa. Unamkumbuka aliyekwenda nawe mara ya kwanza kukuonyesha basi la kupanda.

Turudi Madina. Si kila mtu alikuwa mfanyabiashara, na Madina ulikuwa mji wa mitende. Maansari walimwendea Mtume wakataka mitende yao igawanywe kati yao na ndugu zao. Akakataa. Ukapatikana utaratibu mwingine: Muhajirina wafanye kazi mashambani, mazao wagawane. Pande zote mbili zikakubali. Naipenda sana busara hii. Mwenyeji hakubaki bila shamba, wala mgeni hakugeuka mtu wa kungojea gunia. Walikutana shambani, jasho moja, na mtu uliyelima naye pamoja huwezi kuendelea kumwita mgeni kwa muda mrefu.

Haikuwa rahisi, usidanganyike. Hewa ya Madina iliwakataa. Homa iliwalaza, akiwemo Abubakar, akiwemo Bilal, na homa ikishuka Bilal alikuwa akipaza sauti kuulilia mji wa Makka, mabonde yake, majani yake, maji yake. Hebu fikiria. Makka, mahali alipolazwa juu ya mchanga wa moto akawekewa jiwe kifuani! Bado aliutamani. Basi usimshangae mkimbizi anayelilia kijiji alichokimbia usiku, usimwambie mbona huku kuna amani. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa hakuwakemea. Aliomba Allah aipendezeshe Madina kwao kama Makka au zaidi, aifanye iwe na afya, na abariki pishi yake na kibaba chake. Tazama dua hiyo ilivyokamilika: mapenzi ya moyoni, afya ya mwili, na vipimo vya sokoni.

Siku zikapita. Siku moja Abdurrahman akaonekana ana alama ya manukato ya rangi ya njano kwenye nguo. Mtume akamuuliza habari. Kumbe ameoa! Ameoa mwanamke wa Kiansari, mahari dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamtaka afanye walima japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Nikuulize: aliyefika juzi hana kitu anapata vipi mke mjini? Jibu ni kwamba kuna wazazi wa Madina waliokubali kumpa binti yao mtu aliyekuwa akiuza samli. Mgeni anaweza kupewa chakula na mji mzima na bado akabaki mgeni, lakini ukishakuwa mkwe wa watu, basi tena, wajukuu ni wao.

Mwaka wa 3 Hijria vikaja vita vya Uhud. Abdurrahman alitoka na majeraha mengi, na imepokewa kuwa jeraha moja la mguu lilimwacha anachechemea maisha yake yote. Saad bin ar-Rabii hakurudi. Mtume alituma mtu akamtafute kati ya waliolala uwanjani, akakutwa anakata roho, na pumzi zile za mwisho alizitumia kutuma salamu kwa Mtume na kuwausia watu wake wasimwache adui amfikie. Akazikwa hapo hapo Uhud.

Aliacha mjane na mabinti wawili. Na hapa kisa kinageuka, maana sasa wenye shida ni watu wa nyumba ile iliyokuwa ikitoa. Kwa desturi ya Waarabu, ndugu wa marehemu aliibeba mali yote. Mjane wa Saad hakukaa kulia ndani. Aliwachukua mabinti zake wawili, akaenda nao mpaka kwa Mtume (s.a.w.), akamweleza: hawa ni watoto wa Saad aliyeuawa pamoja nawe Uhud, ami yao amechukua kila kitu, na bila mali hawataolewa. Mtume akamwambia kwamba Allah atalitolea hukumu jambo hilo. Ikateremka aya ya mirathi. Ami akaitwa, akaamriwa awape mabinti thuluthi mbili na mama yao thumni, kinachobaki ndicho chake.

Kwa hiyo kila binti wa Kiislamu anayerithi kwa baba yake, wakiwemo wale ambao kaka zao hadi leo wanawazungusha kwenye mirathi, anapita kwenye njia iliyofunguliwa na mjane wa Saad na wanawe. Sikutaka kulipita hilo kimya kimya.

Ibn Hisham ametaja tena kwamba mtu aliingia kwa Abubakar akamkuta na kitoto cha kike kifuani anakibusu. Akauliza ni cha nani. Akaambiwa ni binti wa mtu bora kuliko mimi, binti wa Saad bin ar-Rabii. Abubakar naye alikuwa Muhajir. Alikuja Madina akiwa mgeni, leo anamlea kifuani mtoto wa mwenyeji.

Baada ya Khaybar, mwaka 628, Muhajirina walipopata chao waliwarudishia Maansari mitende waliyokuwa wamepewa waitumie. Yaani waliweka kumbukumbu ya mti wa nani uko wapi. Karibu miaka sita!

Abdurrahman kufikia hapo hali yake ilikuwa njema, na ikazidi. Mengine nakupitishia haraka: Tabuk, mwaka 630, Mtume alichelewa kidogo alfajiri, akakuta watu wamemtanguliza Abdurrahman, akaswali rakaa moja nyuma yake. Alitoa sana mali, na alipokaribia kufa aliwausia wake wa Mtume bustani iliyouzwa kwa 400,000. Hayo umeshayasikia.

Nataka ukione kitu kimoja cha uzeeni. Mwaka wa 23 Hijria, Umar (r.a.) alipopigwa jambia, aliwaachia watu sita wamchague khalifa. Abdurrahman alikuwa mmoja wao. Akajitoa mwenyewe kwenye kinyang'anyiro ili apate kuwauliza watu. Siku tatu akazunguka Madina usiku na mchana. Inasimuliwa kwamba aliwauliza wakubwa na wadogo, akawauliza wanawake majumbani mwao, na hata wasafiri waliokuwa wanaingia mjini. Usiku wa mwisho alimgongea mlango mpwa wake al-Miswar akamkuta amelala, akamlaumu, kwani yeye mwenyewe macho yake hayakuonja usingizi wa maana. Asubuhi akatoa baia kwa Uthman, watu wakafuata. Miaka 22 nyuma mtu huyu alikuwa hajui soko la mji huu liko wapi. Sasa hakuna mlango asioujua, na kila mlango unamfungukia.

Alifariki mwaka wa 32 Hijria, akazikwa Baqii.

Nimebakisha habari moja, na nimeibakisha kwa kuwa wewe na mimi tumefunga leo. Siku moja Abdurrahman alikuwa amefunga. Magharibi ikaingia, akaletewa futari. Alikuwa mtu mwenye uwezo, kwa hiyo unaweza kukisia sinia lilikuwaje. Akakitazama chakula, akamkumbuka Mus'ab bin Umair. Mus'ab alitangulia Madina kabla yao wote, akiwa mwalimu, alikulia kwenye manukato na nguo laini za Makka, akauawa Uhud, na sanda yake ilikuwa shuka moja: wakifunika kichwa miguu inabaki nje, wakifunika miguu kichwa kinabaki nje. Abdurrahman akasema kwamba Mus'ab alikuwa bora kuliko yeye. Akamtaja na Hamza. Akaogopa isije ikawa mema yao yeye na wenzake wameharakishiwa hapa hapa duniani. Akaanza kulia, na chakula kikabaki pale pale kwenye sinia.

Kesho, in shaa Allah, ni zamu ya Mus'ab mwenyewe. Futari njema.